Mteja amerudi kutoka kikao cha silosaibini Uholanzi: nianze naye wapi?

Nasaha_Kinondoni

Habari za majukumu wakuu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa tiba ya kisaikolojia inayotumia dawa za saikedeliki, zile zinazobadilisha kwa muda namna mtu anavyoona na kuhisi (silosaibini, dawa ya ndani ya uyoga fulani, ni mojawapo). Mimi ni mshauri nasaha, Dar es Salaam. Mteja ameridhia niulize, na maelezo nimeyageuza asitambulike.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sonona imemsumbua muda mrefu. Wiki mbili zilizopita alikuwa Uholanzi, kwenye nyumba wanakotoa vile vinundu vya uyoga wa silosaibini vinavyoota chini ya ardhi, ambavyo kule vinauzwa kihalali. Kikao kimoja, kundi la watu kumi hivi. Kesho yake walikaa duara, kila mtu akasema lake, wakaagana. Amerudi nyumbani na hana wa kumpigia simu.

Hali yake sasa: siku mbili tatu ana furaha ya ajabu, kisha kilio. Analala masaa manne au matano. Anasema kichwa "kinapiga shoti". Sertralini, dawa yake ya sonona, ya miligramu 100 aliiacha ghafla kabla ya kusafiri na hajairudia. Anataka kuacha kazi mwezi huu huu. Alimwona marehemu bibi yake, na hilo linamfariji. Zito kuliko yote ni kwamba "alionyeshwa" baba yake mdogo akimfanyia ukatili wa kingono utotoni, jambo ambalo hakuwa na kumbukumbu nalo kabla ya siku ile. Sasa anataka kuitisha kikao cha ukoo.

Nianze na lipi? Na hili la baba mdogo nilishikeje nisimuumize yeye wala nisimwangamize mtu?

---

Muuguzi_Akili

Pole na kazi, dada. Umefanya vizuri kuuliza mapema.

Kabla ya kugusa maana ya alichokiona, pima usalama wake. Kikao cha kwanza chote kiishie hapo, hata kama yeye ana hamu ya kusimulia. Mwambie wazi kwamba simulizi utaisikiliza yote, ila leo unataka kujua mwili na akili vimeamkaje.

Anza na usingizi, kwa sababu ndio unaotenganisha mambo mengi. Usiishie kuuliza analala masaa mangapi. Uliza anaamkaje. Aliyelala masaa manne kwa wasiwasi au kwa kuacha dawa huamka amechoka na mchana anasinzia. Anayepanda kwenye mania (msisimko wa kiugonjwa) hulala masaa matatu akaamka na nguvu, anaongea huwezi kumkatiza, anagawa pesa, ana mipango mikubwa ya kuokoa watu, na ukimpinga anakasirika. Mpate ndugu au rafiki mmoja anayeishi naye (kwa ridhaa yake) umuulize anavyomwona, kwa maana mtu aliye katika mania mara nyingi hujiona mzima kuliko wote.

Kisha uliza ukoo. Kuna mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto mwenye skizofrenia au baipola? Tafiti kubwa za silosaibini huwaondoa watu wa namna hiyo mapema kabisa, pamoja na wenye presha isiyodhibitiwa. Kwenye nyumba za mapumziko uchujaji mara nyingi ni fomu ya kujaza mwenyewe, na anayetamani kwenda hujaza "hapana" kila mahali.

Uliza kama anasikia sauti sasa hivi, siku hizi, akiwa macho na bila dawa mwilini. Kumwona bibi ndani ya kikao ni jambo la kawaida kabisa la dawa hizi. Kuendelea kuamriwa na bibi jikoni wiki mbili baadaye ni jambo jingine.

Na kujiua uliza kwa jina lake: "Tangu urudi, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usilegeze hapa, dada. Furaha ya siku za mwanzo ina kawaida ya kufifia, na mwenye sonona aliyeamini amepona moja kwa moja huanguka kutoka juu pale ugonjwa unapobisha hodi tena.

Sauti, mawazo ya kujiua yenye mpango, usiku mbili tatu bila usingizi kabisa, au dalili za mania nilizotaja: siku hiyo hiyo Muhimbili, kitengo cha magonjwa ya akili, tena asindikizwe. Akiona michirizi au mng'ao ukingoni mwa vitu, mpe utulivu na muda, mara nyingi hupungua wenyewe. Ila ikidumu wiki kwa wiki na kumzuia kuendesha gari au kusoma, daktari amwone.

---

Mfamasia_wa_Pwani

Nyongeza kwenye "shoti". Hiyo ni dalili inayojulikana ya kuacha ghafla dawa za kundi la sertralini. Huanza ndani ya siku mbili hadi nne baada ya dozi ya mwisho, pamoja na kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za karibu, ndoto kali na usingizi wa vipande vipande. Kwa hiyo sehemu ya kilio na kukosa usingizi huenda haina uhusiano wowote na uyoga. Ukikosa kulijua hili utatumia vikao vitatu kutafuta maana ya kitu ambacho ni kemia.

Namna ya kutofautisha na sonona inayorudi: dalili za kuacha dawa huja haraka, huwa na vitu vya mwilini kama hizo shoti, na hupoa haraka dawa ikirudishwa. Sonona yenyewe kwa kawaida huja polepole, wiki hadi miezi, bila shoti.

Je, arudie dawa? Huo ni uamuzi wa daktari aliyemwandikia, aonwe wiki hii. Asijirudishie miligramu 100 kwa mkupuo kwa kuwa chupa ipo kabatini. Hofu moja muiondoe: silosaibini aliyokula wiki mbili zilizopita haimo tena mwilini. Mwili huigeuza kuwa silosini, ambayo nusu yake hutoka kila baada ya saa tatu hivi, na ndani ya siku moja imekwisha. Haitagongana na sertralini leo.

Muulize pia kila kitu kingine anachokunywa, dawa za mitishamba zikiwemo, kwa sababu kama ana nia ya kurudi kule kuna migongano isiyo ya mzaha. Lithiamu, dawa ya baipola, pamoja na silosaibini imehusishwa na degedege, ndiyo maana kanuni za huduma za silosaibini za jimbo la Oregon, Marekani, humzuia aliyetumia lithiamu ndani ya siku 30. Tramadoli, dawa ya maumivu, nayo hushusha kizuizi cha degedege. Ayawaska, kinywaji cha saikedeliki cha Amazoni, ina vizuizi vya MAO, kimeng'enya kinachovunja serotonini, na ikikutana na sertralini au MDMA ("ekstasi") inaweza kuzidisha serotonini, kemikali ya ubongo: joto la mwili kupanda, misuli kukakamaa, mtu kuchanganyikiwa, hata kufa. Fluoksetini, ya kundi moja na sertralini, ndiyo yenye hila, maana hukaa mwilini wiki tano au zaidi baada ya kuachwa.

Na ukipata nafasi, uliza alikula kiasi gani. Akisema "gramu 25" usidhani ni sawa na miligramu 25 za kwenye tafiti. Zile ni miligramu za silosaibini safi iliyopimwa maabara. Vinundu vibichi hutofautiana nguvu kati ya fungu na fungu.

---

Tiba_Portland

Shikamooni waliotangulia. Nachukua pale usalama ulipokwisha kupimwa, nizungumzie vikao vyenyewe.

Mwache kwanza asimulie siku ile kwa mpangilio, tangu alipomeza hadi alipolala, bila tafsiri. Kawaida dawa huanza kushika ndani ya dakika 20 hadi 40, hufika kileleni kati ya saa moja na mbili, na huisha baada ya saa nne hadi sita, kwa hiyo muulize kila taswira ilikuja wakati gani. Ya kileleni na ya jioni akiwa anakunywa supu hayana uzito mmoja. Muziki gani ulikuwa ukipigwa? Nani alikaa karibu? Walimwambia nini, kabla na wakati wa kikao? Aliguswa? Kugusa ni jambo la kuafikiana kabla dawa haijaliwa, ikiwa ni pamoja na wapi na kwa ishara gani atasema basi. Kama hakukuwa na makubaliano hayo, au kulikuwa na mguso wa kingono, huo ni ukiukaji uliofanyika wakati hana uwezo wa kukataa, na unashughulikiwa hivyo. Umeshatokea hata ndani ya utafiti rasmi wa MDMA huko Kanada. Mwulize kwa upole, maana wengi hawataji wasipoulizwa.

Maneno ya wasimamizi nayataka kwa sababu dawa hizi humfanya mtu apokee mapendekezo kirahisi. Imperial College London walionyesha hivyo kwa LSD, saikedeliki nyingine, mwaka 2015, kwa watu wazima wenye afya. Msimamizi akisema asubuhi "leo mwili utakumbusha majeraha ya utotoni", amepanda mbegu, hata kama nia yake ni njema.

Kitu cha pili ni ule uhakika. Mtu hurudi akisema "nilijua, sikufikiri". Mwanasaikolojia William James aliitaja hali hiyo mwaka 1902 kama mojawapo ya alama za matukio ya kiroho: kujisikia umefunuliwa ukweli. Uhakika wa namna hiyo huletwa na hali yenyewe, na hushikamana na mambo ya kweli na yasiyo ya kweli kwa nguvu ile ile. Mweleze hivyo, kwa lugha ya kawaida, kabla hamjafika kwa baba mdogo. Akilisikia kwa mara ya kwanza mkiwa kwa baba mdogo, ataona humwamini.

Sasa kwa baba mdogo. Usithibitishe na usikanushe. Huwezi kujua, na yeye kwa sasa hawezi kujua. Kumbukumbu iliyozikwa haiwezi kupimwa kwa ukali wa taswira wala kwa machozi. Mwaka 1995 watafiti wa kumbukumbu Loftus na Pickrell walifanikiwa kuwafanya takriban robo ya washiriki wao 24 "wakumbuke" kupotea dukani utotoni, tukio ambalo halikuwahi kutokea, tena bila dawa yoyote. Upande wa pili, ukatili wa watoto ndani ya ndugu upo, na wengi huufunika kwa miaka. Kazi yako ni kuishi na yote mawili bila kuegemea, jambo gumu kwa mshauri mwenye huruma.

Kwa vitendo: karatasi moja, mstari katikati. Kushoto aandike alichokijua kabla ya safari (alikuwa akimwogopa? alikataa kulala kwao? kuna mtu alishasema kitu?). Kulia, kilichokuja siku ile pekee. Aandike mwenyewe, usimwongoze. Maswali yako yawe wazi: "kisha?", "ulihisi nini mwilini?" Usiulize "alikugusa wapi?", maana swali la namna hiyo hujenga picha. Usitumie kumfumbisha macho wala kumrudisha utotoni kwa njozi ili "apate zaidi". Hisia zenyewe, hofu na hasira na huzuni, ni za kweli leo na unaweza kuzitibu leo bila kusubiri hukumu kuhusu tukio.

Kikao cha ukoo kisubiri. Mwambie sababu kwa uwazi: maneno yakishatamkwa mbele ya ukoo hayarudi, na kwa sasa hana usingizi, hana dawa, na hana mtu wa upande wake ndani ya chumba kile. Atafute mmoja anayemwamini, labda shangazi, ajue kwamba anapitia kipindi kigumu, bila kutaja shutuma.

Kazi vilevile. Hakuna uamuzi usioweza kurudishwa ndani ya wiki nne hadi sita: kuacha kazi, talaka, kuuza kiwanja, kukata ndugu. Barua ya kuacha kazi aiandike kama inamtuliza, wewe ukaiweka kwenye faili. Kisha chambueni. Kipi hasa alikichoka: bosi, umbali, au kazi yenyewe? Mara nyingi inabaki hatua moja ndogo, kama kuomba kubadilishiwa zamu, na hiyo ifanyike wiki hii kwa siku iliyotajwa. Ufahamu wa kwenye kikao usiposhikizwa kwenye tendo dogo la kila wiki, hugeuka kumbukumbu nzuri tu.

Bibi mwache bibi. Mshauri aliyeokoka atasukumwa kusema ni pepo, msomi atasukumwa kusema ni ubongo tu. Vyote viwili humfunga mdomo. Muulize bibi alikuwa mtu wa namna gani kwake, na kama kuna jambo angependa kulitenda kwa heshima yake: kisomo, misa, kusafisha kaburi. Kwa Wamazateki wa Mexico, wenye uyoga huu kwa vizazi, na kwa waumini wa dini ya Bwiti wa Gabon wanaokula mizizi ya iboga, mmea wenye nguvu kama hiyo, aliyepitia hurudi kwa watu wenye lugha ya kupokea alichokiona. Mteja wako amerudi Dar mikono mitupu, na wewe ndiye wa kwanza kumpokea.

Ratiba: mara mbili wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Pombe na bangi aache kipindi hiki, maana bangi hasa huweza kurudisha zile taswira na kuvuruga usingizi. Atembee kila asubuhi, ale kwa wakati, simu ilale chumba kingine.

---

Nasaha_Kinondoni

Asanteni sana, nimenakili yote. Nimekaa naye jana: hana dalili za mania wala sauti, hana mpango wa kujiua, na kesho anaonana na daktari wake kuhusu sertralini. Mbili zimebaki. Anataka kurudi Uholanzi mwezi ujao "amalizie". Na amesikia ketamini ipo hospitali zetu, anauliza kwa nini asipewe hiyo.

---

Dkt_Mkaazi

Kurudi mwezi ujao, hapana. Na hoja ya kumpa ni takwimu zenyewe, kwa sababu amekwenda kule akiamini dozi moja inaponya.

Utafiti uliochapishwa Novemba 2022 ulikuwa na watu 233 wenye sonona iliyogoma kwa dawa. Waligawanywa kwenye miligramu 25, 10 au 1 ya silosaibini, dozi moja tu. Baada ya wiki tatu asilimia 37 ya waliopata 25 walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya 18 kwa waliopata 1. Ni tofauti ya maana. Lakini ukitazama walioibeba nafuu hiyo hadi wiki ya 12, ni asilimia 20 dhidi ya 10. Yaani hata pale penye uchujaji mkali, maandalizi, mtaalamu pembeni muda wote na vikao vya baadaye, wengi hawakubaki na nafuu hiyo. Na mawazo ya kujiua yalijitokeza kwa baadhi ya watu katika makundi yote matatu. Mteja wako hakufeli. Alipewa dozi bila sehemu kubwa ya tiba iliyopimwa pamoja nayo.

Kuna tatizo pia la kupima: mshiriki hujua mara moja kama amepewa dawa au la, na matumaini yake hupandisha matokeo. Hoja hiyo ni mojawapo ya zilizoibuliwa kwenye tafiti za MDMA kwa PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha. Washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walipiga kura dhidi yake Juni 2024, na Agosti 2024 FDA ikakataa kuidhinisha, ikataka utafiti mwingine. Australia ilikwenda njia tofauti: tangu Julai 2023 madaktari wa akili walioidhinishwa wanaweza kuandika MDMA kwa PTSD na silosaibini kwa sonona sugu. Tiba hii ina matumaini halisi. Kinachonisumbua ni watu kuuziwa nusu yake.

Ketamini: ni dawa ya usingizi wa upasuaji, ndiyo maana ipo. Kwa sonona hutumika kiasi kidogo, kawaida miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 40. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 30. Presha hupimwa kabla, wakati na baada, kwa sababu hupanda. Nafuu huja ndani ya saa chache au siku moja, na dozi moja mara nyingi hufifia ndani ya wiki moja au mbili. Ikirudiwa ovyo huleta uraibu na huharibu kibofu. Hii ni ya daktari wa akili akishirikiana na wa usingizi, penye oksijeni na mashine ya kufuatilia moyo, kwa sonona ambayo angalau dawa mbili zimeshindwa zikitumika dozi kamili na muda kamili. Mteja wako aliiacha ile aliyokuwa nayo, kwa hiyo arudi hapo kwanza, daktari aone kama miligramu 100 zilitosha.

---

Wakili_Mtoto

Naongeza mawili ya kisheria.

Silosaibini iko Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na hapa kwetu iko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kumsaidia mtu baada ya tukio ni kazi yako halali. Kumtafutia, kumpangia dozi au kukaa naye akitumia hapa nchini kunaweza kukuingiza kwenye kosa, hata ukiwa na nia ya tiba. Akikuomba, kataa kwa maneno yaliyo wazi na uandike kwenye faili kwamba umekataa.

La pili halijagusiwa. Muulize leo kama kuna watoto wanaoishi na huyo baba mdogo au wanaoachwa kwake. Hilo halisubiri wiki sita. Huhitaji kuthibitisha kumbukumbu yake ili mtoto aliye pale leo alindwe. Wazazi wa watoto hao wanaweza kubadilisha mpangilio wa nani analala wapi bila shutuma kutamkwa. Kukiwa na ishara yoyote kutoka kwa mtoto mwenyewe, kama kauli, jeraha, hofu mpya au kukojoa kitandani kulikoanza ghafla, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu. Unachoripoti ni ishara ya mtoto na tarehe uliyoisikia. Alichokiona mteja Uholanzi kibaki kwenye faili lake.